Konokono, Simama

Mwaka tuliohamishiwa kijiji kipya, kile kilichozungukwa na handaki na miti iliyochongwa ncha, nilipata kazi ya kuchonga mawe. Sikuchagua mawe. Mawe ndiyo yaliyokuwa yakiandika watu kazi. Barabara ya kutoka Embu kwenda Meru ilikuwa ikitengenezwa ili malori ya askari yasikwame kwenye matope, na kila daraja lilitaka mawe ya pembe nne.

Nilikuwa na miaka kama kumi na minane. Nilikuwa nimesoma shule ya primari, na Kiswahili najua kukisoma na kukiandika, ila naandika polepole. Hata haya niliyaanza kabla ya mvua, na sasa mvua imekwisha. Kusema mbele ya watu ndiko kulikonishinda zaidi. Nikiulizwa jambo mbele ya watu wanne, masikio yangu yalipata moto na maneno yakaganda. Kwenye mawe hilo halikuwa tatizo. Jiwe haliulizi mtu kitu.

Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na nyanya yangu. Tulikula nilichopata machimboni, na machimboni nilifika kwa sababu ya pasibuku. Siku zile za imajensi, ile hali ya hatari, mtu wa Embu au Meru hakwenda popote bila pasibuku, kitabu cha ruhusa ya kutembea. Ndani ya langu kulikuwa na muhuri wa machimbo. Muhuri ule ndio ulionitoa langoni asubuhi na kunirudisha jioni. Asiyekuwa na muhuri wowote alibaki kijijini akichimbua handaki na kulifukia, kwa vile kila mkubwa aliyekuja kukagua alilitaka upande tofauti. Kazi hiyo haikuwa na mshahara. Kwa hiyo pasibuku nililifunga kwenye kitambaa, nikalilaza chini ya kichwa.

Msimamizi wetu alikuwa Mzungu mfupi, mpana wa mabega, mwenye alama za buluu usoni na kwenye viganja, kama mtu aliyechanjwa na mganga mwenye haraka. Siku yake ya kwanza alipanda juu ya jiwe akatuambia, "Mimi hapana Mwingereza."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Kama si Mwingereza, ni kabila gani?" akauliza mzee mmoja wa Mbeere, aliyetoka upande wa Siakago. Mzee huyu ndiye aliyekuwa mkubwa wetu kwa umri, na kwa hiyo ndiye aliyeuliza maswali.

"Mwelisi. Mtu ya Welisi."

"Iko upande gani wa Uingereza?"

"Hapana upande ya Uingereza!" akasema msimamizi, na uso ukawa mwekundu hata zile alama za buluu zikaonekana vizuri zaidi.

"Sawa, Bwana. Na hizo chale ni za rika gani?"

Msimamizi akatueleza. Alisema kwao watu wa kawaida, akiwemo baba yake na kaka zake wote, huingia chini ya ardhi gizani kuchimba mawe meusi yanayowaka. Mtu akijikata, vumbi la jiwe huingia kwenye kidonda na kidonda hufunga juu yake. Yeye mwenyewe alikuwa ameingia huko kabla ndevu hazijaota.

Jioni ile, tukirudi kijijini, habari hiyo ilijadiliwa kwa makini.

"Mzungu anayechimba? Anayebeba?"

"Amesema kwa mgongo."

"Na mawe yao yanawaka?"

"Yanawaka kama kuni."

"Basi huku walifuata nini?" akasema mzee wa Mbeere, na kwa kuwa tulikuwa tumekaribia lango na homugadi, wale walinzi wa kijiji, walikuwa wanasikiliza, hakuna aliyejibu.

Msimamizi alikuwa fundi wa baruti asiye na baruti. Bwana D.O., ofisa wa wilaya, alikataa kumpa, isije ikawa zawadi kwa wapiganaji wa msituni. Kwa hiyo tulipasua mwamba kwa njia ya wazee: unawasha moto juu yake, unaungoja ushike, kisha unamwaga maji na kurudi nyuma. Msimamizi alikuwa akisimama pembeni akitazama mwamba unavyolia, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyefiwa. Lakini baada ya wiki chache alikubali, akaanza kutuimbia wakati wa kungoja moto. Hakuimba nyimbo za kanisa tunazozijua. Alikuwa akisema mashairi, kwa lugha yake, kwa sauti ya kupanda na kushuka, mkono mmoja kifuani. Hatukuelewa neno. Hata hivyo mzee wa Mbeere alikuwa anaacha kuvuta ugoro.

"Huyu anajua," aliniambia. "Sikiliza pumzi zake. Anajua pa kuziweka."

Mzee alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kabla ya imajensi alikuwa mwimbaji wa gicandi, ule mchezo wa waimbaji wawili wanaosimama sokoni na kibuyu chenye alama wakifumbiana maneno mpaka mmoja akwame. Anayekwama huacha kibuyu. Yeye alikuwa amekusanya vibuyu vingi. Sasa vyote vilikuwa vimenyamaza, kwa sababu watu zaidi ya watano hawakuruhusiwa kukusanyika, na gicandi ya watu watano ni maongezi tu.

Msimamizi alipoambiwa habari za gicandi alipiga kofi paja lake. Alisema kwao pia wachimbaji hushindana kwa mashairi. Mtu ametoka chini ya ardhi, amenawa, amevaa koti, anakwenda mbele ya watu wote wa bonde kushindana kwa maneno. Baba yake alikuwa ameshinda mara moja. Mashairi ya baba yake yalikuwa mafupi kwa sababu ya kifua. Vumbi lilikuwa limemwachia pumzi ya mistari michache tu, kwa hiyo alichagua vizuri. Anayeshinda hupewa kiti kilichochongwa. Kiti cha baba yake kilikuwa bado nyumbani kwao, na hakuna aliyekikalia isipokuwa paka.

"Na aliyeshindwa hunyang'anywa nini?" akauliza mzee.

"Hapana nyang'anywa kitu."

"Basi hayo si mashindano. Hiyo ni kugawa viti."

Msimamizi alicheka, lakini tangu siku hiyo wazo lilimwingia. Alikwenda Embu kwa Bwana D.O. akaomba ruhusa ya kukusanya wachongaji kwa mashindano ya mashairi. Tulisikia baadaye kwamba Bwana D.O. aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Mwishowe alikubali: yafanyike Jumamosi mchana machimboni, yaishe kabla ya kafyu, na mkuu wa homugadi wa kijiji chetu awepo na watu wake wenye mikuki.

Msimamizi alirudi amefurahi, akatukalisha chini kutueleza sheria. Kichwa cha shairi kilikuwa Jiwe. Lugha ni Kiswahili, ili Mwembu, Mmbeere na Mmeru waelewane, na yeye aweze kuamua. Fundi seremala wetu, mtu wa upande wa Mikinduri, alikuwa tayari anatengeneza kiti cha mti wa muiri. Asiyejua kuandika atafute wa kumwandikia.

"Na sasa kitu kubwa," akasema. "Kila mtu hapana weka jina yake. Kila mtu tafuta jina ingine. Jina ya siri."

Nyundo moja iliyokuwa ikigonga kwa mbali ilinyamaza.

Alieleza sababu. Bondeni kwao watu wengi ni ndugu, na mwamuzi akijua shairi ni la mpwa wake atampendelea. Kwa hiyo mshairi huandika jina la kujitungia, na jina lake la kweli hulifunga ndani ya bahasha. Siku yenyewe watu wote wameketi. Hakuna anayejua mshindi ni nani. Mwamuzi anatangaza lile jina la siri, anasema: fulani, simama! Na kati ya watu wote mtu mmoja tu anasimama pale alipo, na kila jicho linamgeukia.

"Ni kitu nzuri sana," akasema msimamizi. Macho yalikuwa yamelowa. "Mtu anasimama. Watu wote naona yeye."

Tulimtazama. Alikuwa mgeni; alikuwa amekuja kwetu baada ya mambo makubwa ya mwanzo. Hakuwa amekaa pale uwanjani siku tuliyokalishwa chini, wanaume wote, mikono kichwani, na mtu aliyefunikwa gunia mpaka miguuni akapitishwa mbele yetu akitazama kwa matundu mawili. Gunia lilipotikisa kichwa, yule aliyetikisiwa alisimama, akachukuliwa. Kila jicho lilimgeukia pia. Na jina la pili tulijua ni la nani. Watu waliokuwa msituni ndio walioacha majina yao nyumbani na kuchukua mengine. Mtu wa kijijini kukutwa na jina la pili ilikuwa sawa na kukutwa na risasi mfukoni.

Hakuna aliyemwambia. Alikuwa mkubwa wetu, na alikuwa amefurahi kupita kiasi.

"Maswali?" akauliza.

"Hakuna, Bwana," tukasema.

Watu walifikiri kutoshiriki, lakini hilo nalo lilionekana baya: kukataa jambo la Mzungu lenye ruhusa ya Bwana D.O. Wakaanza kunijia mmoja mmoja niwaandikie, kwa kuwa wenye kuandika tulikuwa wachache na mimi sikuwa na maneno mengi. Walinitamkia mashairi yao huku wakichonga. Walichokuwa hawapendi ni mwendo wangu.

"Kijana, umefika wapi?"

"Mstari wa pili."

"Wa pili! Mimi nimeshasahau mstari wa sita. Andika basi kabla sijafa."

Tulipofika kwenye jina la siri, kila mmoja alishusha sauti. "Weka Mtiifu," alisema wa kwanza. Wa pili alisema, "Mimi niwekee jina salama. Weka Mtiifu." Sikuweza kumwambia kwamba lilikuwa limechukuliwa, kwa sababu ilikuwa siri. Akina Mtiifu wakawa wengi sana. Kulikuwa na Mtiifu Kabisa mmoja, na seremala aliandikisha Rafiki wa Serikali.

Mzee wa Mbeere hakushiriki. Alisema sauti yake haiwezi kuingia ndani ya bahasha.

Mimi niliandika langu mwisho. Sikuwa nimewahi kutunga kitu, na sikumwambia mtu. Niliandika juu ya jiwe la nyanya la kusagia. Siku ya kuhamishwa tulipewa asubuhi moja, tukaambiwa kila mtu abebe anachoweza. Nyanya aliweza kubeba vyungu, mbegu na kuku. Jiwe lilikuwa la mama mkwe wake, limeliwa katikati na miaka ya wimbi na mtama, na kulibeba kulihitaji wanaume wawili. Mimi nilikuwa nimebeba mlango. Tulipokuwa tunaondoka, nyanya alirudi, akalifuta unga kwa kanga yake, akalipindua chini juu ili mvua isije ikatuama ndani. Kisha tukaenda. Niliandika hayo tu.

Jina la siri lilinichukua muda. Mtiifu sikulipenda kwa kuwa lilikuwa limechoka. Mwishowe niliandika Konokono, maana ndivyo mwalimu alivyoniita shuleni nilipokuwa wa mwisho kufunga daftari. Sikuona ubaya wake. Nilifunga bahasha nikaitia kwenye ndoo pamoja na nyingine.

Jumamosi tuliketi chini, machimboni, mistari minne. Kiti kilikuwa juu ya jiwe pana, kimepakwa mafuta, kinang'aa. Homugadi walisimama pande zote na mikuki. Mkuu wao alikuwa mtu wa makamo, mnene kiasi, mwenye koti la kijeshi lisilofunga vifungo. Ndiye aliyekuwa akisimamia kijiji chetu, lango, handaki na pasibuku.

Kulikuwa na shida ndogo ya upanga. Msimamizi alisema kwao upanga hutolewa nusu kwenye ala mbele ya kiti, watu wanaulizwa swali mara tatu, kisha unarudishwa. Sisi hatukuruhusiwa hata kisu cha kumenyea ndizi. Mwenye simi halali, ule upanga mfupi wa kiunoni, alikuwa mkuu wa homugadi peke yake, na hakukubali itoke kiunoni mwake. Wakapatana kwamba atasimama yeye mwenyewe kando ya kiti, na aitoe nusu akiambiwa.

Msimamizi akaanza kwa shairi la kwao, mkono kifuani. Kisha akampa ishara mkuu. Simi ikatoka nusu. Msimamizi akatugeukia, akauliza kwa sauti kuu:

"Je, kuna amani?"

Nafikiri ndilo swali gumu kuliko yote niliyowahi kuulizwa. Ukisema ipo, unaiuliza serikali imajensi yake ni ya nini. Ukisema haipo, umejuaje? Wanaume mistari minne tulitazama magoti yetu.

"Je, kuna amani?" akauliza mara ya pili, akitupungia mikono ili tuitikie.

Mara ya tatu akapaza sauti zaidi.

"Je, kuna amani?"

Mkuu wa homugadi aliona aibu kwa niaba ya kijiji. "Iko njiani, Bwana," akasema. "Bado kidogo."

Msimamizi alifikiri, akaona jibu linatosha, akaendelea. Hakuna aliyemwambia mkuu airudishe simi, kwa hiyo akabaki ameishika hivyo hivyo, nusu nje.

"Mashairi mengi ni mazuri," msimamizi akasema akishika karatasi. "Mingi inasema jiwe napenda serikali. Lakini moja ni jiwe kweli. Mwenye hii shairi anaitwa Konokono. Konokono, simama!"

Masikio yangu yalipata moto kabla hajamaliza. Nilikuwa nimeshinda. Nilitaka kusimama; sijawahi kutaka kitu namna ile. Nikatazama mbele nikaona kiti, na kando ya kiti mkuu wa homugadi, na simi, na uso wake ukibadilika.

"Nani anaitwa?" akauliza mkuu.

"Konokono," akasema msimamizi kwa furaha. "Hapana jina yake. Jina ya siri. Konokono, simama!"

"Ya siri," akasema mkuu.

Kama ningesimama, nilijua kitakachofuata. Pasibuku lingechukuliwa, muhuri ungefutwa, na nyanya angekula handaki. Kama nisingesimama, bahasha ilikuwa pale mkononi mwa msimamizi. Lakini msimamizi hakuifungua. Kwao, mshindi asiposimama, kiti hubaki kitupu, na bahasha huchomwa. Alikuwa ametueleza hilo pia. Kwa hiyo niliketi.

"Konokono, simama!" Mara ya tatu sauti yake ilikuwa imeanguka.

"Bwana, ngoja," mkuu akasema. Akatugeukia. "Hapa kati yenu kuna mtu mwenye jina la siri. Hakuna anayeondoka mpaka nimpate. Toeni pasibuku zote. Kafyu itawakuta hapa hapa."

Homugadi wakaanza na mstari wa mbele. Mtu wa kwanza alikuwa Mtiifu. Alitoa pasibuku lake kabla hajafikiwa.

Mzee wa Mbeere alikuwa ameketi ubavuni kwangu. "Ni wewe," akasema bila kunitazama.

"Mzee, nyamaza."

"Nimekuona umeandika wiki nzima na hukuwa unaandikia mtu. Simama, mwanangu. Hawa watu watalala hapa."

Nikasimama. Kila jicho lilinigeukia, kama msimamizi alivyoahidi.

Msimamizi alipiga makofi peke yake. Alishuka, akanishika mkono, akanipandisha mpaka kwenye kiti, lakini mkuu aliweka mguu kati yangu na kiti.

"Pasibuku."

Nilimpa. Akalifungua, akanitazama, akalitazama. "Hapa hakuna Konokono."

"Hapana, afande."

"Hii jina ulipewa na nani? Ulikula kiapo gani?"

"Alituambia msimamizi. Wote tunayo."

"Wote?" Mkuu aliwatazama wanaume mistari minne. Nadhani aliona kazi iliyokuwa mbele yake, akachoka. Akarudi kwangu. "Kwa nini Konokono? Konokono anajificha."

"Ndiyo, afande."

"Anatembea usiku."

"Mimi ni kwa sababu ya kuandika polepole."

"Anabeba nyumba yake mgongoni. Yako iko wapi?"

"Iko ndani ya handaki, afande. Ya sita kutoka langoni."

"Hii ni mambo ya shairi tu," akasema msimamizi, ambaye sasa alianza kuona kwamba kuna kitu.

"Bwana, hata msituni wanaimba," mkuu akamjibu kwa heshima. Kisha kwangu: "Lisome. Nilisikie lina nini. Kwa sauti, na wale wasikie."

Karatasi ilikuwa kwa msimamizi, akanipa, nikaikunja. Nikalisema bila karatasi. Nililisema polepole, kwa kuwa sijui namna nyingine, na katikati palikuwa hivi:

*Jiwe la nyanya limebaki*
*peke yake uwanjani.*
*Tumelilaza kifudifudi,*
*mvua isije kuketi ndani.*

Nilimaliza. Simi bado ilikuwa nusu nje.

"Rudia," akasema mkuu.

Nikarudia.

"Hilo jiwe liko wapi?"

"Bado liko kule, afande. Kwetu kwa zamani."

"Kwa nini hamkulibeba?"

"Tuliambiwa tubebe tunachoweza."

"Nani aliwaambia?"

Nilitazama chini. "Ni wewe, afande."

Mtu mmoja nyuma alikohoa. Mkuu alivuta koti lake lililokataa kufunga. Nilimwona akilipitia shairi kichwani, neno baada ya neno, kama anayetafuta mawe kwenye maharagwe.

"Ni kweli nilisema hivyo," akasema mwishowe. "Hakuna uongo ndani yake."

Sasa alikuwa na tatizo lingine. Hakuweza kumshika mtu kwa kusema kweli mbele ya Mzungu ambaye sasa alikuwa akilia. Lakini hakuweza pia kuacha jina lisiloandikwa popote litembee ndani ya wilaya. Akaomba kalamu ya msimamizi, akaweka pasibuku langu juu ya mkono wa kiti, akaandika chini ya jina langu, polepole kuliko mimi: *Pia anaitwa Konokono.* Akatia sahihi. Akanirudishia.

"Sasa si siri tena," akasema. "Kaa."

Nikakaa ukingoni, kwa kuwa wazee walikuwa chini na mimi juu. Msimamizi alikuwa anafuta macho na kupiga makofi kwa wakati mmoja. Watiifu wote walipiga makofi pia, kwa nguvu, kama watu waliorudishiwa ng'ombe. Mkuu akarudisha simi yake ndani.

"Kaa vizuri," mzee wa Mbeere aliniita kutoka chini. "Kiti si kinyesi."

Nilibaki na muhuri, na nyanya akaendelea kula. Kiti nilimpelekea. Alikigusa, akaniuliza kama walionipa walijua kwamba hatuna mahali pa kukiweka, akapanga vyungu juu yake. Shairi hakutaka kulisikia. Alisema yeye alikuwepo.

Lakini njiani mambo hayakuwa rahisi tena. Kila kizuizi cha barabara, askari alifungua pasibuku, akapitia mpaka pale, akasimamisha kidole.

"Hii ya pili ni ya nini?"

Nilieleza: machimbo, Mwelisi, kiti. Hakuna askari aliyewahi kuamini. "Shairi? Wewe? Haya, tusikie." Na mimi, nyuma yangu foleni ya akina mama wenye mizigo na wazee wenye fimbo, nilisimama nikalisema. Mwanzoni nililisema kama mtoto anayeungama. Baadaye masikio yaliacha kupata moto. Kizuizi cha karibu na Embu kilikuwa na askari wa mbali, mrefu, ambaye alikuwa akiniita kutoka nyuma ya foleni: "Konokono! Kuja mbele, hawa wageni hawajasikia." Siku moja nilipomaliza alisema, "Endelea."

"Limekwisha, afande."

"Hapana kwisha. Huyo mama alifanya nini kule kijiji kipya bila jiwe? Alisaga na nini?"

Sikuwa nimefikiria. Niliongeza ubeti pale pale, na mwanamke mmoja kwenye foleni akanisahihisha habari ya unga. Kutoka hapo liliendelea kukua. Kizuizi cha Siakago kilikuwa na ubeti wake, na kile cha kuelekea Meru kilikuwa na beti mbili, kwa sababu askari wake walipenda kuku. Mzee wa Mbeere, tuliposafiri pamoja, alikuwa akiniambia mahali pa kuweka pumzi.

Msimamizi alirudi kwao kabla mambo hayajatulia. Aliomba nimwandikie shairi lote alibebe. Lori lilimngoja mpaka dereva akapiga honi. Nilikuwa nimefika ubeti wa tatu. Akachukua hizo tatu.

Vizuizi vilipoondolewa, niliwaona askari wakivunja vile vibanda vya mabati na kuvipakia, na nikajua kwamba sasa naweza kutoka Embu mpaka Meru bila mtu kuniuliza neno. Wiki ile nilikutana na mkuu wa zamani wa homugadi sokoni Embu. Koti alikuwa amelibadilisha, hili lilifunga. Alinisalimu kwanza yeye, akaniuliza hali ya nyanya, akasita kidogo.

"Ile jina niliyokuandikia," akasema. "Bado iko?"

"Iko, mzee."

"Itakusumbua mbele. Pita ofisini kwetu siku yoyote nitakufutia. Ni mstari mmoja tu wa wino."

Nilimshukuru, nikamwambia nitapita. Ofisi iko karibu na ninapofanyia kazi sasa, na hufunguliwa mapema. Sijapita.